Parnell na Ahadi ya Chama

Umoja wa chama ndani ya Bunge hujengwa kwa ahadi, na hudumu muda wote ahadi hiyo inapoheshimiwa na mkubwa na mdogo. Hayo yanadhihirika katika maisha ya Charles Stewart Parnell, aliyezaliwa mwaka 1846 huko Avondale, katika kisiwa cha Ireland, zama kisiwa hicho kilipokuwa kikitawaliwa kutoka London.

Parnell alikuwa kabaila wa Kiprotestanti, ilhali wengi wa wananchi wenzake walikuwa Wakatoliki, waliolima kwa kodi katika mashamba ya makabaila. Hata hivyo alisimama upande wao. Aliingia Bunge la Uingereza mwaka 1875, akashika uongozi wa wabunge wenzake wa Ireland mwaka 1880, na mwaka uliofuata akatiwa jela ya Kilmainham, mjini Dublin, kwa sababu ya mapambano ya ardhi.

Mwaka 1884 chama chake kiliweka ahadi ya kutiwa saini na wagombea: mbunge ataketi, atatenda na atapiga kura pamoja na wenzake, na walio wengi wakiamua kwamba ameivunja, atajiuzulu. Madhali wabunge wa zama hizo hawakuwa na mshahara, chama kiliwakimu wasio na uwezo. Uchaguzi wa mwaka 1885 ulimpatia Parnell wabunge 86, na Waziri Mkuu Gladstone akaleta muswada wa kuipa Ireland utawala wa ndani. Muswada ulianguka mwaka 1886 kwa kura 341 dhidi ya 311. Waireland walisimama imara; waliouangusha ni wabunge 93 wa chama cha Gladstone mwenyewe, walioungana na wapinzani.

Desemba 1890 mtihani ulimfika Parnell. Kesi ya talaka ilikuwa imemfedhehesha, Gladstone akajitenga naye, na wabunge wake wengi wakataka ang'atuke. Yeye, akiwa mwenyekiti, hakuiruhusu hoja ya kumwondoa ipigiwe kura. Wapatao 45 wakatoka, akabaki na wachache. Alifariki Oktoba 1891, akiwa na umri wa miaka 45, na chama hakikuungana tena hadi mwaka 1900.

Chama kina haki ya kumdai mbunge utii, kwani alichaguliwa kwa jina la chama. Lakini utii huo ni amana ya pande mbili. Kiongozi anayewafunga wenzake kwa uamuzi wa walio wengi, naye kamba hiyo hiyo imemfunga. Akiikata kwa ajili ya nafsi yake, hasara huwaangukia wananchi waliowatuma wote.