Kenyatta Alirudi Darasa la Kiingereza Akikaribia Miaka 40

Kama uko Isinya sahii, umekaa kwa cyber ukijaza fomu ya mtihani wa Kiingereza ndio upate viza ya masomo, na msee wa kando anakucheka juu unashrub, sogea hapa kidogo. Nataka nikupe stori ya mtu ambaye sura yake ilikaa kwa noti zetu miaka mingi.

Jomo Kenyatta unamjua yule wa usinga na kofia. Wa kabla ya hapo aliitwa Kamau wa Ngengi, aliyezaliwa miaka ya 1890, tarehe haijulikani. Mwaka wa 1909 aliingia misheni ya Waskoti pale Thogoto, na 1914 akabatizwa Johnstone. Sisi Wamaasai tuna kipande chetu kwa hii stori: wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza wakikamata vijana wakawabebe mizigo, yeye alihepa akaenda kuishi Narok. Huko akapenda kuvaa mshipi wa shanga ambao Wakikuyu huuita kinyata. Jina likatoka hapo.

Mwaka wa 1929 chama cha KCA kilimtuma London kuongea kuhusu mashamba yaliyochukuliwa na walowezi. Kiingereza alikuwa nacho, cha misheni na cha ofisi ya maji ya Nairobi, lakini kumwandikia waziri wa makoloni si kama kuandika risiti. Alirudi huko 1931 pamoja na Parmenas Mockerie, wakitaka kusikizwa na kamati ya Bunge iliyokuwa ikijadili kuunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Hawakusikizwa.

Mimi ningepanda meli nirudi nyumbani. Yeye Novemba 1931 alienda Birmingham, akaingia Woodbrooke, chuo cha Waquaker, kujifunza Kiingereza. Hebu fikiria: mwanaume mzima, mkewe Grace Wahu na watoto wako Kenya, naye amekaa dawatini anapanga sentensi. Masika ya 1932 alitoka na cheti cha kuandika Kiingereza. (Hakuwa Mkenya wa kwanza kwenda majuu kusoma, usidanganywe. Molonket ole Sempele, Mmaasai, alienda Marekani tangu 1909.)

Ugumu wenyewe unaujua. Mimi hadi kidato cha tatu nilikuwa nachanganya borrow na lend, kwa sababu kwetu neno ni azima, anayetoa na anayepokea wote wanaazima. Kikuyu nacho hakina L kama ya Kiingereza, ndio maana L na R hupigana mdomoni. Huo si ujinga. Ni lugha ya mama inajaribu kusaidia.

Januari 1935 akaanza tena kozi ya Kiingereza, mara hii University College London, halafu akaingia ya fonetiki hadi Juni 1936. Na hapa ndipo stori inanoga, kwa sababu mwanafunzi pia ndiye aliyekuwa anafunza. Lilias Armstrong, mtaalamu wa fonetiki, alikuwa anachunguza Kikuyu, na sauti aliyoitegemea ilikuwa ya Kenyatta: inapopanda, inaposhuka, ni wapi toni inabadilisha maana. Armstrong aliaga 1937, kitabu kikatoka 1940 na jina lake pekee kama mwandishi. Kenyatta alidai alistahili kuandikwa kama mwandishi mwenza. Uchambuzi ulikuwa wa Armstrong, sawa, lakini mimi niko upande wa Kenyatta. Bila yule jamaa angechambua nini?

Wakati huohuo alisoma anthropolojia kwa Bronislaw Malinowski, London School of Economics, bila vyeti vya kawaida vya kuingilia. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nilifurahi sana kusoma hapo. Kisha nikakumbuka Malinowski hakai kwa dirisha la viza. Masomo hayo yalizaa kitabu, Facing Mount Kenya, 1938, kwa lugha ileile aliyoifuata Birmingham.

Pesa zilimsumbua. Kodi ya nyumba ilikuwa deni juu ya deni, na alipata kibarua cha kuigiza kwenye umati katika filamu ya Sanders of the River. Leo asingeweza. Ukienda Uingereza kusoma Kiingereza pekee, miezi 6 hadi 11, viza yake ni ya masomo ya muda mfupi: hairuhusu kazi, hairefushwi, hubebi familia. Ukitaka digrii ni viza nyingine, na mara nyingi pesa lazima zilale benki siku 28 mfululizo kabla ya kuomba. Kwa hivyo kabla ya kulipa ajenti wa Kitengela, muulize ni viza gani hasa anayokuombea. Akianza kuzungukazunguka, toka.

Kenyatta alirudi Kenya Septemba 1946, miaka 15 tangu ile safari ya pili. Yaliyofuata unayajua: jela, uhuru, urais. Mambo ya ardhi baada ya uhuru hayo ni makala mengine, na hapa Kajiado hayajaisha. Alifia Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Kile kitabu cha Kikuyu bado kina jina la Armstrong peke yake.