Leo Fender: Fundi redio asiyejua kupiga gitaa, ila sauti yake iko hadi kwenye simu

Kama umewahi kupakua programu ya gitaa kwenye simu, huenda umekutana na sauti za amplifaya za zamani zilizoigwa kidijitali. Ukizifuatilia, nyingi zinarudi kwa mtu mmoja: Leo Fender, Mmarekani aliyekufa bila kujua kupiga gitaa.

Ndiyo, hakujua. Jamaa alikuwa fundi redio.

Mhasibu aliyepoteza kazi

Fender alizaliwa Agosti 10, 1909 huko California, kwenye familia ya wakulima wa machungwa. Akiwa na miaka 8 alipoteza jicho la kushoto na kuwekewa la bandia. Alisomea uhasibu, akaajiriwa, kisha hali mbaya ya uchumi ya miaka ya 1930 ikamtoa kazini.

Mwaka 1938 akakopa dola 600 na kufungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Wanamuziki wakawa wanampelekea amplifaya zao zilizoharibika. Kwa kuzifungua na kuzirekebisha, akajua zinafia wapi. Mwaka 1946 akaanzisha kampuni yake.

Ndogo ya wanafunzi

Mwaka 1948 alitoa Champion 800, amplifaya ndogo yenye spika moja ya inchi 8, kwa ajili ya wanaojifunza. Baadaye zikaja zinazoitwa Champ: wati 5 hivi na kitufe kimoja tu cha sauti. Kwa wanaopiga jukwaani alitengeneza kubwa, zikiwemo Twin na Bassman, zote za mwaka 1952.

Sasa cheki kilichotokea. Ile ya wanafunzi iliingia studio. Kwa kuwa ni ndogo, unaweza kuifungulia hadi mwisho, valvu zake zikazidiwa na sauti ikakwaruza kwa utamu bila kusumbua jengo zima. Eric Clapton aliitumia Champ kurekodi albamu ya Layla ya mwaka 1970. Bassman nayo iliigwa London na duka la Jim Marshall, na hapo zikazaliwa amplifaya za Marshall.

Aliuza akidhani anakufa

Fender aliugua kwa muda mrefu, akaamini hana siku nyingi. Januari 1965 kampuni ikauzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Baadaye akapata tiba, akapona, lakini jina lake lilikuwa tayari mali ya wengine.

Hakukaa kulia. Alirudi kwenye meza ya ufundi, akafanya kazi na Music Man, kisha mwaka 1980 akawa mmoja wa waanzilishi wa G&L. Aliendelea kufanya kazi huku akiugua Parkinson, hadi alipofariki Machi 21, 1991 akiwa na miaka 81.

Ya bei chee au ya kidijitali?

Leo mashine za kidijitali zinatumia kompyuta kukokotoa jinsi valvu na spika zinavyobadilisha sauti. Tone Master Pro, ya kampuni hiyo hiyo ya Fender, ilitoka mwaka 2023 kwa karibu dola 1,700, ikiwa na zaidi ya amplifaya na efekti 100 ndani. Upande wa pili kuna amplifaya za mazoezi za chini ya dola 100. Nyingi hazina valvu, na ukiongeza sauti sana zinapiga kelele kavu.

Tofauti ipo, tusidanganyane. Kama unarekodi, au unapiga shoo tofauti kila wiki, mashine ya kidijitali inakupunguzia mzigo: sauti zote ziko kwenye boksi moja, na usiku unapiga kwa hedifoni. Lakini kwa anayeanza, vitufe vichache vinatosha. Unawasha, unapiga. Hupotezi saa nzima ukichagua sauti huku vidole havijajua kodi tatu.

Fender hakuichukulia amplifaya ya mwanafunzi kama takataka. Aliiunda kwa akili ile ile ya zile kubwa, na leo mashine za mamia ya dola zinahangaika kuiga mlio wake. Kwa hiyo kama mfukoni una hela ya ile ndogo tu, chukua hiyo uanze mazoezi.