Paul Otlet: Mwanasheria aliyejenga hazina ya rejea kabla ya kompyuta

MTAFITI wa leo huandika maneno mawili matatu kwenye kompyuta, akaletewa orodha ya vitabu na makala zinazohusu jambo analolichunguza. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwanasheria mmoja wa Ubelgiji aliifanya kazi hiyo kwa kadi za karatasi na makabati yenye droo.

Paul Otlet alizaliwa Agosti 23, 1868 jijini Brussels, akiwa mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa tramu. Alihitimu sheria mwaka 1890, lakini uwakili haukumkaa moyoni. Kilichomkosesha usingizi ni wingi wa machapisho: wataalamu waliandika kila siku, ila ilikuwa vigumu kujua nani kaandika nini, na wapi.

Mwaka 1895, yeye na mwanasheria mwenzake, Henri La Fontaine, aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1913, walianzisha Taasisi ya Kimataifa ya Bibliografia. Kila chapisho lilipewa kadi yake. Kwa kuwa kadi zote zilikuwa za kipimo kimoja, mpya ilichomekwa mahali pake bila kuvuruga zilizotangulia.

Ili kadi zipatikane kwa mada, waliupanua mfumo wa namba wa Mmarekani Melvil Dewey, wakaongeza alama za kuunganisha mada. Namba 31 ilisimamia takwimu na 63 kilimo. Hivyo takwimu za kilimo ziliandikwa 31:63.

Kabla mwaka huo haujaisha, kadi zilifikia 400,000, na baadaye zikapita milioni 12. Watafiti walituma maswali kwa barua au telegramu, nao watumishi wakawanakilia kadi husika kwa malipo.

Hata hivyo, karatasi hudai nafasi, fedha na mikono ya watu. Mwaka 1934 Serikali ya Ubelgiji ilizifunga ofisi za hazina hiyo, iliyokuwa ikiitwa Mundaneum. Mwaka huohuo Otlet alichapisha kitabu ambamo alimwona msomi wa kesho akiwa mezani, mbele yake kioo na simu, akisoma vitabu vilivyo mbali.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1940, pale wavamizi wa Kijerumani walipoyachukua majengo kwa ajili ya maonyesho ya sanaa na kuteketeza sehemu ya mkusanyiko huo. Otlet alifariki dunia Desemba 10, 1944, miezi michache baada ya Brussels kukombolewa, kazi ya maisha yake ikiwa imetawanyika.

Kadi zilizosalia zimehifadhiwa katika mji wa Mons, na mwaka 2013 UNESCO iliziingiza kwenye rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia. Mfumo wake wa namba nao ungali ukitumika katika maktaba za nchi nyingi. Utaratibu wa kupanga rejea ndio uliodumu.