Vic Edelbrock: fundi aliyefungulia motere njia ya kupumua

Wasomaji wetu wa Kpandroma na wa karieri zote za Djugu, juma hili tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakukanyaga Ituri hata siku moja. Alikuwa Mmarekani. Aliacha masomo akiwa na miaka 14, hakupata diploma ya uenjinia, na alikufa mwaka 1962. Lakini mpaka leo, kila pahali ambapo watu wanapenda magari makubwa ya zamani ya Marekani, yale ya silinda nane yenye kunguruma kama simba, jina lake linaonekana juu ya motere, kwenye kipande cha aluminiyamu kinachokaa chini ya kabureta. Jina lenyewe ni Edelbrock.

Tumemchagua juu ya jambo moja. Ku karieri kila mtu anajua kama mwenye kushuka shimoni hahitaji nguvu tu, anahitaji hewa. Unaweza kuwa na mikono ya chuma, lakini kama galeri haina hewa, utapiga nyundo mara tatu na kukaa chini. Motere iko vilevile. Vic Edelbrock aliielewa ile mambo mapema kuliko wengi, na kazi ya maisha yake yote ilikuwa kutafutia hewa njia nzuri ya kuingia.

Alizaliwa mwaka 1913 huko Eudora, katika jimbo la Kansas, nchi ya mashamba katikati ya Marekani. Familia ilikuwa na duka la vyakula. Mwaka 1927 duka likaungua kwa moto, na mali yote ikakwisha. Kijana akaacha masomo ili asaidie nyumbani. Wazazi wengi wa kwetu wanaijua hesabu hiyo: makuta ikikosekana, mtoto mkubwa ndiye wa kwanza kutoka shuleni.

Kazi aliyoipata ilikuwa kupeleka magari aina ya Ford Model T kwa wakulima wa mbali. Barabara zilikuwa mbaya, na magari yalikuwa yanakufa njiani. Hakukuwa garaji karibu wala mtu wa kuita. Ilibidi kijana ashuke, afungue, atazame kitu gani kimelegea au kimeziba, afunge, aendelee. Anayejua barabara zetu wakati wa mvua hatashangaa kusikia kama shule yake ya ufundi ilikuwa pale matopeni.

Mwaka 1931, Marekani ikiwa katika taabu kubwa ya uchumi, Vic aliondoka Kansas akaenda California kutafuta maisha, sawa vile vijana wa kwetu wanafunga mizigo na kwenda Mongbwalu wakisikia kuna kazi. Mwaka 1933 alioa mke wake Katie, na yeye pamoja na shemeji yake wakafungua garaji. Baadaye akafungua yake mwenyewe mjini Los Angeles.

Hapa tusimame kidogo tueleze motere ya wakati ule. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa motere ya silinda nane, nne upande huu na nne upande ule, kwa bei ambayo hata mtu wa kawaida aliweza kufikiria. Zamani motere ya namna hiyo ilikuwa kitu cha matajiri. Vijana wa California wakaipenda sana. Lakini ilikuwa na shida: silinda zote nane zilikuwa zinalishwa na kabureta moja, kupitia bomba la matawi lenye njia finyu na kona nyingi. Bomba lile mafundi wanaliita manifoldi ya kuingiza hewa. Kwetu wengi, kwa kufuata Kifaransa, wanasema kolekteri.

Kazi ya manifoldi inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayogawa chakula nyumbani. Kila pistoni ikishuka inavuta. Hewa inapita ndani ya kabureta, inachukua esanse, halafu manifoldi inaipeleka kwa kila silinda. Njia ikiwa finyu, motere inakabwa ikitaka kukimbia. Njia ikiwa pana kupita kipimo, hewa inapita polepole, matone ya esanse yanaanguka chini, na gari linakosa nguvu wakati wa kuondoka. Tena, kama tawi moja ni refu na lingine ni fupi, silinda moja inashiba na jirani yake inalala na njaa. Kwa hiyo siyo kutoboa tundu kubwa tu. Ni kutafuta kipimo.

Mwaka 1938 Edelbrock alinunua Ford ya 1932, ile ya wazi isiyo na paa. Ilikuwa gari lake la kutembelea kila siku, na pia gari lake la kujaribia. Kwanza alishirikiana na fundi mwingine, Tommy Thickstun, kuchora manifoldi mpya. Matokeo hayakumtosha. Akaamua kuchora yake mwenyewe, yenye kubeba kabureta mbili, na kuisubu kwa aluminiyamu. Wale wanaosubu sufuria kwa pistoni za zamani wanaijua kazi hiyo: unatengeneza kalibu, unayeyusha, unamimina, halafu unaomba isitoke na matundu. Manifoldi ile aliiita Slingshot, maana yake manati. Alitengeneza karibu 100 tu.

Je, alijuaje kama yake ni nzuri kuliko ya wengine? Hapa ndipo tunamheshimu zaidi. Hakusema tu. Alipima. Kaskazini ya Los Angeles, ndani ya jangwa la Mojave, kuna maziwa yaliyokauka zamani, na chini yake imebaki tambarare ngumu kama saruji. Mwisho wa juma mafundi walikuwa wanakwenda pale, wanavua matopemaji na kioo cha mbele ili gari liwe jepesi, wanakimbiza gari moja moja, na wasimamizi wanapima mwendo kwa saa. Tarehe 16 Novemba 1941, kwenye ziwa kavu la Rosamond, Ford yake ilipita maili 121 kwa saa, ni kusema kilomita kama 195. Watu walioona walirudi nyumbani wakitaka manifoldi sawa ile.

Juma tatu zikapita, na Marekani ikaingia vitani. Mashindano yakasimama. Edelbrock akapeleka mikono yake kwenye kazi za vita, kukereza na kuunda vyuma. Vita haikumpa nafasi ya kuuza manifoldi, lakini ilimzoesha kufanya kazi kwa vipimo vikali.

Vita ilipokwisha, vijana wengi wakarudi na makuta kidogo mfukoni na hamu kubwa ya magari. Mwaka 1946 Edelbrock alitoa katalogi yake ya kwanza ya vyombo vya kuongeza nguvu na mwendo: manifoldi, vichwa vya silinda na vingine. Mtu wa mbali aliweza kuandika barua, kutuma makuta, na kupokea kifurushi chenye chuma kilekile kilichokimbia jangwani. Pembeni yake walikuwa mafundi wengine, kama vile Bobby Meeks na Fran Hernandez, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Pia alileta garajini mashine ya kupimia nguvu ya motere, dinamometa, wakati ambapo garaji nyingi za namna yake hazikuwa nayo. Kutoka hapo, mchoro mpya ulifungwa kwenye motere, motere ikawashwa, na namba ikasema kama kazi ni nzuri ao ni ya kurudia.

Kuna hadithi moja ya mwaka 1950 ambayo wapenzi wa mashindano hawajaisahau. Kwenye viwanja vya duara vya California kulikuwa mashindano ya magari madogo, na motere moja ya bei kali, Offenhauser, ilikuwa inashinda karibu kila siku. Ilikuwa imetengenezwa kwa mashindano tu. Edelbrock alikuwa na motere ndogo ya Ford, ya silinda nane lakini ya familia ya kawaida. Watu hawakuitegemea. Yeye na mafundi wake walikuwa wamejaribu kwa siri mafuta yanayoitwa nitrometani. Esanse inahitaji hewa nyingi ili iwake. Nitrometani inabeba sehemu ya oksijeni ndani yake yenyewe. Ni sawa vile mtu anayeshuka shimoni akibeba hewa yake mgongoni. Lakini ni mafuta makali: ukizidisha kidogo, pistoni zinatoboka. Walivunja vyuma wakijifunza, mpaka wakapata kipimo. Usiku mmoja kwenye uwanja wa Gilmore, Los Angeles, dereva Rodger Ward aliketi ndani ya gari lile la Ford na kuwashinda wenye Offenhauser. Ward huyohuyo alikuja kushinda mashindano makubwa ya Indianapolis mara mbili, mwaka 1959 na mwaka 1962.

Mtu mwingine, nyuma ya ushindi huo, angebaki na Ford mpaka mwisho wa maisha. Edelbrock hakufanya hivyo. Mwaka 1955 kampuni ya Chevrolet ilitoa motere mpya ya silinda nane, ya litre 4.3, nyepesi na yenye kupumua vizuri zaidi. Aliitazama, akaipima, akakubali kama wakati wa motere yake ya zamani unaisha. Akaanza kuichorea manifoldi motere ya kampuni nyingine kabisa. Kuacha kitu kilichokupa jina ni kazi ngumu kuliko kujenga jina lenyewe.

Halafu kansa ikaja. Vic Edelbrock alikufa mwezi wa Novemba 1962, akiwa na miaka 49. Alimwachia mtoto wake wa pekee, Vic kijana, wa miaka 26, garaji yenye wafanyakazi kama kumi. Miaka miwili nyuma yake, mwaka 1964, kampuni ya Pontiac ilitoa gari linaloitwa GTO, na wakati wa magari yenye motere kubwa na bei ya vijana ukaanza kwa nguvu. Baba hakuyaona. Lakini maelfu ya vijana walionunua magari yale walifungua kofia ya mbele, wakatoa manifoldi ya kiwanda, na kuweka yenye jina lake. Mtoto aliongoza kampuni kwa miaka mingi, naye akafa mwaka 2017. Slingshot za zamani leo zinatafutwa sawa vile ninyi munatafuta mshipa wa dhahabu.

Sasa turudi Kpandroma. Huku hatuna jangwa la kukimbizia magari, lakini tuko na motere nyingi: pikipiki, motopompe, mashine za kusaga mawe. Na tunaishi juu ya mlima, pahali hewa ni nyepesi kuliko kule Tchomia kando ya ziwa. Motere iliyorekebishwa chini, ukiipandisha huku, inapata hewa kidogo na esanse ileile. Inatoa moshi mweusi, buji inajaa masizi makavu, na nguvu inapungua. Wengi wanakimbilia kununua motere kubwa zaidi. Fundi mwenye akili ya Edelbrock anaanza na filitri ya hewa, anaondoa vumbi, halafu anatazama jikleri, kale katundu kadogo ka kupitishia esanse, kama haimwagi kupita kipimo. Mara nyingi nguvu iliyopotea inarudi bila kununua kitu.

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo tunawaomba ma-PDG na vijana wa timu wasome mara mbili. Motere inakula hewa ileile tunayokula sisi. Tunajua sababu ya watu kushusha motopompe ndani ya shimo: pompe haiwezi kuvuta maji kutoka chini zaidi ya mita kama 7, na huku mlimani hata hazifiki. Lakini motere ya esanse ikiwashwa shimoni inamaliza hewa nzuri na kurudisha gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kinauma, miguu inalegea, anasinzia, na haamki. Anayeshuka kumwokoa naye anaanguka hapohapo. Motere yenye kuwaka ibaki inje, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu. Kama shimo ni refu, pompe ya umeme inaweza kushuka chini, jenereta ikabaki juu. Na kama jana motere iliwaka shimoni, leo asishuke mtu mpaka hewa ibadilishwe.

Edelbrock alitumia miaka zaidi ya ishirini akijiuliza hewa inapitia wapi. Alikuwa anatafuta mwendo. Sisi tunatafuta baba arudi nyumbani jioni, watoto wapate makuta ya shule. Kesho asubuhi, mbele ya kuvuta kamba ya motopompe, tazameni kwanza hewa inaingilia wapi na moshi unatokea wapi.