Cú Chulainn: Maisha na Asili ya Jina la Shujaa wa Ulster

Cú Chulainn, shujaa mkuu wa visakale vya Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, hakuzaliwa na jina hilo. Mama yake, Deichtine, alikuwa dada wa mfalme Conchobar, naye mtoto aliitwa Sétanta. Kwa mujibu wa Lebor na hUidre, hati iliyonakiliwa mnamo mwaka 1100, mtoto huyo alichelewa karamuni kwa mhunzi Culann, akamwua mbwa mlinzi aliyemshambulia. Mhunzi aliposikitika, Sétanta aliahidi kumlelea mbwa mwingine na kulinda mwenyewe hadi huyo akue. Ndipo kuhani Cathbad akampa jina jipya, yaani Mbwa wa Culann.

Kiisimu, jina hili ni kirai cha umilikishi. Cú ni mbwa, neno lenye asili moja na canis la Kilatini. Chulainn ni umbo milikishi la Culann, ambalo konsonanti yake ya mwanzo imelainishwa. Muundo huohuo unajitokeza katika jina la Cú Roí, asiyehusishwa na mhunzi yeyote. Yaelekea, basi, kuwa jina lilitangulia, na kisa kikabuniwa ili kulifafanua.

Hata hivyo, kisa hicho hakiwezi kupuuzwa, kwani jina ndilo lililomponza shujaa. Alikuwa na mwiko wa kula nyama ya mbwa, somo yake. Vikongwe watatu walipomlazimisha kuila, nguvu zilimpungua. Vitani akajifunga kwenye jiwe, akafa wima.