Euler, Kipofu wa Hesabu za Damu

Hapa Junda mpira wa maji ukifunguliwa ghafla hufura. Mishipa yetu ya damu nayo hufura kila moyo ukipiga. Leonhard Euler, mtoto wa kasisi, alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka wa 1707. Kufikia 1775, huko St. Petersburg, alikuwa karibu kipofu kabisa, lakini akatunga milinganyo ya damu ipitayo katika mirija yenye kuta za kunyumbuka. (Na sisi wenye macho mawili twalia hesabu ni ngumu!) Kuitatua kukamshinda. Alifariki 1783, kazi hiyo ikachapishwa 1862. Siku hizi kompyuta huikokotoa milinganyo ya namna hiyo hatua kwa hatua, na njia iliyo rahisi kabisa ya hatua hizo ni yake Euler, aliichapisha 1768.