Aliishi Bila Picha, Leo Kila Msee Anamlenga na Simu: Stori ya Samurai Saigo Takamori

Kama umewahi cheki The Last Samurai, ile filamu ya 2003 ya Tom Cruise, unamkumbuka yule mkubwa wa samurai aliyekataa kuinama mbele ya serikali hadi dakika ya mwisho. Yule mhusika alitolewa kwa maisha ya mtu wa ukweli. Jina lake Saigo Takamori.

Leo anapatikana bustani ya Ueno, Tokyo, karibu na stesheni ya treni. Ni sanamu ya shaba yenye urefu wa karibu mita 3.7, mbwa wake kando, na watu chini yake simu juu, kila saa. Sasa noma ni hii: hakuna picha hata moja ya Saigo iliyothibitishwa kuwa ni yeye. Ile sura mnayoposti imeungwa-ungwa.

Mtoto wa familia iliyosota

Saigo alizaliwa 1828 huko Kagoshima, kusini mwa Japani, eneo lililoitwa Satsuma. Babake alikuwa samurai, lakini wa ngazi ya chini. Heshima ilikuwepo, doo hakuna. Akiwa bado kijana alianza kazi ya ukarani kwa ofisi iliyoshughulika na wakulima na ushuru, akakaa huko karibu miaka kumi akiona vile mkulima anakamuliwa.

Bwana wa Satsuma, Shimazu Nariakira, akamwona na kumpandisha. Lakini Nariakira alikufa 1858, na Saigo akaachwa bila mtu wa kumkinga. Serikali ya shogun ilikuwa inawasaka wapinzani, na rafiki yake Gessho, mtawa wa Kibudha, alikuwa kwa hiyo orodha. Usiku mmoja wote wawili wakajirusha baharini. Gessho akafa. Saigo akaopolewa akiwa hai.

Wakamficha kisiwa cha Amami Oshima, akaoa huko na kupata watoto wawili. 1862 akaitwa nyumbani, akakosana na mdosi mpya, akatupwa visiwani tena. Safari hii alifungiwa kwa kizimba cha mbao, mvua na upepo vyote vyake. Aliachiliwa 1864.

Akaangusha serikali, kisha ikamgeuka

Aliporudi hakuzubaa. 1866 Satsuma waliungana na mahasimu wao wa zamani, Choshu, na kufikia 1868 utawala wa shogun ulikuwa umeanguka. Jeshi likafika mlangoni mwa Edo, mji mkubwa ajabu. Saigo akaketi na Katsu Kaishu, mtu wa upande wa shogun, wakaelewana ngome ikabidhiwe bila vita. Mwaka huo huo Edo ikapewa jina jipya: Tokyo.

Si kila mtu alikubali. Kikundi cha samurai watiifu kwa shogun kilijifungia Ueno, na Saigo akawa kati ya walioongoza shambulizi. Ilimalizika kwa siku moja. Kwa hivyo pale watu wanapopigia selfi leo palikuwa uwanja wa vita. Hatua chache tu nyuma ya sanamu kuna kaburi la wale walioshindwa. Wengi hupita bila hata kugeuza shingo.

Saigo akawa kati ya vigogo wa serikali mpya. Sheria ya 1873 ya kuandikisha raia wa kawaida jeshini ilipita yeye akiwa mmoja wa walioshika usukani. Mwaka huo huo wakakosana juu ya suala la Korea, akaacha kazi akarudi kwao kulima na kuwinda.

Halafu 1876 samurai wakakatazwa kubeba panga hadharani, na marupurupu yao yakakatwa. Vijana wa Satsuma wakawaka. Februari 1877 Saigo akakubali kuwaongoza, zaidi ya watu elfu kumi. Walizingira ngome ya Kumamoto wiki baada ya wiki, ikawashinda. Na waliokuwa ndani? Jeshi la watoto wa wakulima, lile lile alilosaidia kuanzisha.

Septemba 24, 1877, akiwa na watu mia chache tu juu ya kilima cha Shiroyama, Kagoshima, alipigwa risasi na kuanguka. Mwenzake akamkata kichwa, vile desturi ya samurai ilivyotaka. Alikuwa na miaka 49.

Sura ni ya nani?

Wananchi walikataa kumwachilia. Mwaka huo sayari ya Mars iling'aa sana, na kuna waliosema wanamwona Saigo ndani yake. Serikali ikasoma upepo: 1889 ikamsamehe, na 1898 sanamu ya Ueno ikazinduliwa, kazi ya Takamura Koun.

Kuhusu uso, Muitaliano Edoardo Chiossone, fundi wa michoro ya noti za Japani, alikuwa amechora picha ya Saigo baada ya kifo. Sehemu ya juu aliitoa kwa mdogo wake Saigo, ya chini kwa binamu. Hiyo ndiyo sura dunia ilizoea.

Na cheki luku. Jenerali mzima amevalishwa kimono ya kushinda nyumbani, kama mzee anayeenda kuwinda sungura. Hakuna sare, hakuna medali. Inasemekana mjane wake alishtuka siku ya uzinduzi, akaona huyo si mumewe. Mtu aliyetikisa serikali mara mbili amegeuzwa babu mpole na mbwa wake. Ukitaka Saigo wa sare ya jeshi, nenda Kagoshima kwao. Huyo alisimamishwa 1937 na Ando Teru, msanii aliyechonga pia sanamu ya kwanza ya mbwa Hachiko.

Lakini watu wa Tokyo walimchukua huyu wa Ueno kama wao. Tetemeko la 1923 lilipoharibu mji, waliookoka walimbandika karatasi mwili mzima, wakitafuta ndugu waliopotea. Serikali ilipanga vile atakavyoonekana. Kazi ya kumfanyia, wananchi ndio walimpa.

Kwa hivyo ukipata nafasi ya kumlenga na simu, piga ya mbele kama kila mtu. Halafu zunguka nyuma, piga na lile kaburi.